"Wazazi Walikubali": Somo la Kuendesha Vikao vya Shule

Kwenye mafaili ya shule zetu kuna sentensi moja fupi inayobeba mzigo mkubwa: "Wazazi walikubali." Utaikuta kwenye muhtasari wa kikao. Utaisikia kwa Mtendaji wa Kata. Utaisikia kwa mwalimu wa zamu anapomrudisha mtoto nyumbani eti hajaleta mahindi ya chakula cha mchana. Sasa mfuate mzazi mwenyewe, umuulize, "Mama, mlikubali lini?" Mara nyingi jibu ni la namna hii: "Mwanangu, kikaoni nilikuwepo. Ila huko kukubali ndiyo sikumbuki."

Somo letu la leo ni namna ya kuendesha kikao cha kamati au bodi ya shule ili sentensi ile iwe ya kweli. Nitalieleza kwa mifano ya Masasi na Newala, maana huko ndiko kwetu na ndiko nilikokwenda field. Ila wewe uliyepangwa Kibondo au Pangani usifunge ukurasa. Mambo ni yale yale, zao tu ndilo linabadilika.

Kwa nini linatuhusu sisi

Wanaualimu wenzangu, tunasoma saikolojia ya elimu, mitaala na upimaji, tunabeba madesa mpaka begi linachanika. Kuendesha kikao tunaachiwa tukajifunze kazini, yaani tukamuige tutakayemkuta. Kama tutakayemkuta anaendesha vibaya, basi na sisi.

Sheria ya Elimu Na. 25 ya 1978 ndiyo inayozitambua kamati za shule kwa upande wa msingi na bodi za shule kwa upande wa sekondari. Kwa utaratibu wetu, Mwalimu Mkuu ni katibu wa kamati na Mkuu wa Shule ni katibu wa bodi. Mwenyekiti hutoka upande wa jamii: mkulima, mstaafu, mfanyabiashara wa sokoni. Hebu tazama mpangilio huo unazaa nini. Katibu ana ofisi, ana mafaili, anajua salio la benki, anajua waraka unasemaje, na ndiye mwenye kalamu. Mwenyekiti ana kiti.

Kwa hiyo tukisema kikao kinahitaji kanuni, tusidhani kanuni ni za kumnyamazisha mzazi mkorofi anayeongea sana. Kanuni zinambana kwanza mwenye nguvu zaidi chumbani, na baada ya miaka michache mwenye nguvu huyo atakuwa mimi na wewe. Kuna wenzetu wanakabidhiwa shule mpya vijijini hata hawajamaliza kulipa deni la bodi ya mikopo.

Na kinachojadiliwa si kidogo. Kamati za shule zilipata uzito mkubwa kuanzia 2002, ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ule MMEM, wakati wa Rais Benjamin Mkapa, mwenyeji wa Lupaso huko huko Masasi. Ada ya shule za msingi iliondolewa, ruzuku zikaanza kushuka hadi shuleni, na kamati zikaambiwa zipange na zisimamie matumizi. Baadaye Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulileta elimu bila malipo hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016, na Julai 2022 kidato cha tano na cha sita vikaingizwa.

Ruzuku ya uendeshaji iliyopangwa ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari kwa mwaka, sehemu yake ikiwa ya vitabu. Piga hesabu: shule ya msingi yenye watoto 400 ni shilingi 4,000,000 kwa mwaka mzima, na humo vitabu vimo. Chaki, ukarabati, mitihani na karatasi zote zinasubiri hapo. Kinachobaki bila mwenyewe, kama uji, mpishi na mlinzi, kinarudi kwa wazazi. Hapo ndipo kikao kinapoitwa, na hapo ndipo "wazazi walikubali" inapozaliwa.

Utaratibu huu si mgeni kwetu

Nikisema "utaratibu wa kibunge" kuna watu watacheka, watakumbuka bunge letu la wanafunzi na yule jamaa anayesimama kila dakika tano: "Mheshimiwa Spika, taarifa!" Wengine watasema hayo ni mambo ya Dodoma, wakulima wa korosho wayajulie wapi?

Wanayajua sana. Mfumo wa stakabadhi ghalani ulianza kwenye korosho mwaka 2007. Kwa miaka mingi chini ya mfumo huo wakulima walikusanyika kwenye minada ya vyama vikuu vya ushirika, MAMCU kwa upande wa Masasi, TANECU kwa Newala na Tandahimba. Wanunuzi walileta barua za bei zikiwa zimefungwa. Barua zilifunguliwa mbele ya watu, bei zikasomwa kwa sauti, halafu wakulima wakaulizwa kama wanauza au hawauzi. Oktoba 2018 minada ya mwanzo wa msimu ilikwama kwa sababu wakulima walikataa bei zilizosomwa. Mwezi uliofuata serikali ikatangaza kununua korosho yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Siku hizi mnada umeingia kwenye mfumo wa kidijitali, ila bado bei inatangazwa na mkulima anaulizwa.

Angalia kilichomo ndani ya mnada ule. Jambo liko moja mezani. Limeandikwa. Limesomwa likasikika. Watu wameulizwa swali linalojibika kwa ndiyo au hapana, na hapana ikahesabiwa kuwa ni jibu. Huo ndio utaratibu wa kibunge, uti wake wa mgongo ni huo. Mengine ni nguo tu.

Walioandika kanuni hizi nao walifundishwa na vurugu. Mwaka 1863 afisa mhandisi wa jeshi la Marekani, Henry Martyn Robert, aliombwa kuongoza mkutano wa kanisa mjini New Bedford, Massachusetts. Mkutano ukamshinda, ukageuka fujo. Akaenda kusoma jinsi mabunge yanavyofanya, na mwaka 1876 akatoa kitabu chake cha kanuni za vikao ambacho mpaka leo kinatumiwa na vyama na bodi nyingi huko kwao. Sisi tulipitia njia ya Waingereza: Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza kukutana Desemba 1926, na Bunge letu la leo lina Kanuni zake za Kudumu. Kijijini hatuhitaji kitabu kizima. Tunahitaji kanuni chache zinazoingia kwenye ukurasa mmoja wa daftari.

Kanuni nane za kubandika ukutani

1. Ajenda itangulie, watu wafuate. Mjumbe apate tarehe, saa na orodha ya mambo yatakayojadiliwa angalau wiki moja kabla. Hapa kalenda ya mahali ndiyo mwalimu wako. Kuanzia Oktoba mpaka Desemba watu wako kwenye korosho, na siku ya mnada usitarajie mtu. Huko juu Newala, ambako maji yamekuwa shida tangu enzi za wazee wetu, kikao cha saa mbili asubuhi kinawaacha nje akina mama walioondoka alfajiri na ndoo. Ukikiita saa hiyo, umeshachagua nani asiwepo.

2. Akidi ihesabiwe kabla ya kufungua. Katiba ya nchi inataka nusu ya wabunge wote wawepo ndipo kikao cha Bunge kiwe na akidi. Kama miongozo ya kamati yenu haijasema vinginevyo, kubalianeni zaidi ya nusu ya wajumbe. Wasipotimia, zungumzeni, kunyweni chai, lakini msiazimie kitu. Na wajumbe wakiondoka katikati mpaka akidi ikavunjika, maamuzi yaishie hapo.

3. Muhtasari uliopita usomwe wote. Si "tuchukulie umesomwa". Usomwe, urekebishwe, uthibitishwe, ndipo mwenyekiti na katibu wasaini. Kisha yaje yatokanayo: tulisema tutanunua madawati, yako wapi? Kamati isiyofika kwenye yatokanayo inaazimia jambo lile lile kila mwaka.

4. Msemaji mmoja, kupitia kwa mwenyekiti. Anayetaka kusema anyooshe mkono, na maneno yote yaelekezwe kwa mwenyekiti, si kwa jirani. Halafu iongezwe hii ambayo naipenda kuliko zote: hakuna anayesema mara ya pili juu ya jambo hilo hilo kama yupo ambaye hajasema na anataka kusema. Kanuni hii moja inatoa sauti kwa wanawake na vijana bila kumtukana mzee yeyote.

5. Hakuna mjadala bila hoja, hakuna hoja bila maneno kamili. Mtu mmoja atoe hoja, mwingine aiunge mkono, katibu aiandike, mwenyekiti aisome. Kama hakuna wa kuiunga mkono, inaanguka, tunaendelea. Anayetaka kuibadilisha alete marekebisho, na marekebisho yapigiwe kura kabla ya hoja yenyewe.

6. Mwenye maslahi aseme, kisha atoke. Kama mjumbe ndiye anayeuza mbao, au mahindi yatanunuliwa kwa shemeji yake, atamke hivyo na akae nje wakati jambo linaamuliwa. Hajaitwa mwizi. Analindwa asije akaitwa.

7. Kura ihesabiwe, matokeo yatangazwe kwa namba. "Wameshinda walioafiki" inatosha kwa jambo dogo. Kwenye fedha na nidhamu tunataka namba: ndiyo ngapi, hapana ngapi, waliokaa kimya wangapi.

8. Mengineyo si mlango wa nyuma. Kipengele cha mengineyo ni cha taarifa na pole za msiba. Jambo la fedha likizuka hapo, liandikwe liwe ajenda ya kikao kijacho. Michango mingi ya ajabu huzaliwa saa nane mchana, njaa inauma, watu wameshika begi, na mtu anasema, "Kuna kajambo kadogo kamebaki."

Tujaribu kwa mfano

Tutunge shule, tuiite Shule ya Msingi Mkoroshoni. Kamati ina wajumbe 11, waliofika ni 8 pamoja na mwenyekiti. Akidi ipo. Ajenda ya nne ni chakula cha mchana. Tazama kwanza namna tuliyoizoea.

Katibu anasimama: "Ndugu wajumbe, chakula ni muhimu, wenzetu wa shule jirani wameshaanza, na wakubwa wamesisitiza. Kwa hiyo kila mzazi debe moja la mahindi na elfu tano ya mpishi. Sijui kama tuko pamoja?" Mwenyekiti anadakia: "Jamani, tuko pamoja?" "Ndiyooo!" "Haya, ajenda ya tano."

Dakika mbili zimetosha. Jiulize sasa walichokubali. Debe ni la mwaka au la muhula? Mwenye watoto watatu analeta madebe matatu? Mwenye korosho lakini hana mahindi afanyeje? Asiyeleta, mtoto wake atafanywa nini? Kila mmoja katoka na jibu lake kichwani, na jibu litakaloandikwa ni la mwenye kalamu.

Tuone namna ya pili.

Mjumbe mmoja ananyoosha mkono. "Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja. Kamati ipendekeze kwenye mkutano wa wazazi kwamba kila mzazi achangie kilo 20 za mahindi au fedha ya thamani hiyo, kwa muhula huu tu, kwa ajili ya chakula cha mchana."

"Naunga mkono hoja," anasema mwingine. Katibu anaiandika ubaoni. Mwenyekiti anaisoma taratibu, na anawauliza kama ndivyo walivyosikia.

Bibi mmoja wa upande wa nyuma anainua mkono. "Mwenyekiti, mie nalea wajukuu watatu, wazazi wao wako Dar. Hapo mie ni mzazi mmoja au watatu?"

"Bibi, swali zuri. Unataka tuongeze maneno kwenye hoja?"

"Ndiyo. Iwe kaya moja mchango mmoja. Na anayelea yatima asidaiwe."

"Nani anaunga mkono marekebisho ya bibi?" Anapatikana. Wanajadili. Mjumbe mmoja anaona mpango utakosa mahindi ya kutosha, anasema hivyo, hakatizwi. Wanapiga kura ya marekebisho: sita ndiyo, mmoja hapana, mwenyekiti hakupiga. Mwenyekiti anaisoma hoja upya ikiwa na maneno mapya.

Hapo mjumbe mwingine anaomba kuongeza kwamba mtoto ambaye kaya yake haijatoa asiingie darasani. Katibu ananyoosha mkono: "Ndugu Mwenyekiti, utaratibu. Elimu hii ni bila malipo kwa mujibu wa waraka wa serikali. Kamati haina uwezo wa kumzuia mtoto kusoma kwa sababu ya mchango." Mwenyekiti anakubali: pendekezo hilo haliwezi hata kupigiwa kura. Kamati ikipiga kura zote ndiyo, bado haiwezi kuazimia kinyume cha sheria au waraka. Wanaofuatilia siasa watakumbuka kwamba Januari 2018 Rais John Magufuli aliwapiga marufuku walimu kukusanya michango na kuwarudisha watoto nyumbani kwa sababu hiyo. Katibu mzuri anazijua nyaraka na anazisema kabla ya uamuzi, hazitoi mfukoni baadaye.

Kura ya mwisho: watano ndiyo, wawili hapana. Imechukua dakika ishirini na tano badala ya mbili. Lakini ona kilichopatikana. Kamati imependekeza, haijaamuru. Mkutano wa wazazi utapelekewa maneno kamili, na halmashauri ikiulizwa itaona maneno hayo hayo. Yatima wametajwa. Na wale wawili waliokataa wapo kwenye kumbukumbu, hawajafutwa.

Swali la kura ya siri

Mtu ataniuliza: utainuaje mkono kumpinga mwenyekiti ambaye ni mjomba wako? Swali la haki kabisa. Wamakonde, Wamakua na Wayao kwa asili wanahesabu ukoo upande wa mama, na mjomba si mtu wa kuchezea. Kijiji ni kidogo, na mkono ulioinuka leo unakumbukwa siku ya msiba.

Suala hili liliwahi kuwatoa jasho wakubwa. Bunge Maalum la Katiba lilipoanza Dodoma Februari 2014, chini ya mwenyekiti wa muda Pandu Ameir Kificho, wajumbe walitumia wiki kadhaa wakigombania kanuni, na fundo gumu lilikuwa hilo hilo: kura iwe ya wazi au ya siri? Wengi waliona mchezo ule wa wiki kadhaa ni upotevu wa fedha za posho. Mimi naona waligundua mapema jambo la kweli. Jinsi kura inavyopigwa inaweza kubadilisha matokeo. Mwishowe kanuni zikaruhusu zote mbili, mjumbe achague.

Kwa kamati ya shule ushauri ni mwepesi. Mambo ya kawaida, mikono. Mambo yanayogusa mtu, kama kumchagua mwenyekiti, kumwajibisha mjumbe au kumjadili mwanafunzi, vikaratasi kwenye kofia. Na mjumbe yeyote akiomba kura ya siri, apewe bila kuulizwa sababu, maana akiulizwa sababu siri imekwisha.

Bodi ikikaa kuhukumu mtoto

Kwa watakaokwenda sekondari, kikao kizito kuliko vyote ni cha nidhamu. Bodi inakaa kujadili kama mwanafunzi asimamishwe au afukuzwe. Kwa mtoto wa kijijini hapo ndipo masomo yanapoweza kukatika moja kwa moja.

Hapa mambo matatu hayana mjadala. La kwanza, tuhuma iandikwe na mtoto aisikie kabla hajaulizwa lolote. La pili, asikilizwe, akiwa na mtu wake mzima. Kwetu Kusini mtu huyo anaweza kuwa mjomba au bibi, si lazima baba, kwa hiyo katibu asimrudishe getini kwa kuwa jina halilingani na la fomu. La tatu, mwalimu aliyeleta tuhuma atoe maelezo, ajibu maswali, kisha atoke wakati bodi inaamua. Hawezi kuwa shahidi na hakimu kwa pamoja. Ni ile kanuni ya sita, ya mwenye maslahi, imevaa nguo nyingine.

Bodi ikumbuke pia kwamba milango mingine imeshafunguliwa na serikali. Waraka wa Elimu Na. 2 wa 2021 uliruhusu wanafunzi walioacha shule kwa sababu mbalimbali, ikiwemo ujauzito, warudi. Kikao kinachoanza kujadili kama binti aliyejifungua "anafaa" kurudi kinajadili jambo lililokwisha kuamuliwa, na mwenyekiti anayejua kazi yake atasema hivyo na kwenda ajenda inayofuata.

Kalamu

Turudi kwa katibu, yaani kwetu. Muhtasari unatembea mbali kuliko tunavyofikiri. Malipo yanaambatanishwa na muhtasari, mradi wa madarasa unaombewa kwa muhtasari, mkaguzi anaanza na muhtasari. Ndiyo maana wapo wanaoona muhtasari ni muhimu kuliko kikao. Shule moja niliyoiona nikiwa field, karatasi ya mahudhurio ilizungushwa kwa bodaboda nyumba kwa nyumba, watu wakisaini kikao ambacho hakikukaa. Waliosaini hawakuwa watu wabaya. Waliambiwa fedha itarudi Hazina.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya kufunga kikao, katibu asome maazimio yote kwa sauti, moja moja, kama bei za mnada. Kila azimio liwe na vitu vitatu: maneno yake, nani atalitekeleza, na mwisho lini. Kwa mfano: "Azimio la 4: Kamati inapendekeza kila kaya ichangie kilo 20 za mahindi au thamani yake kwa muhula huu, mchango mmoja kwa kaya, wanaolea yatima wasidaiwe. Ndiyo 5, hapana 2. Mwenyekiti awasilishe kwenye mkutano wa wazazi kabla ya mwisho wa mwezi." Mtu yeyote akisikia kisicho sahihi asimame hapo hapo. Kisha ukurasa wa maazimio ubandikwe ubao wa matangazo, na anayejua kusoma atamsomea asiyejua. Hilo halihitaji bajeti, linahitaji pini nne.

Pingamizi nilizokwisha kuzisikia

"Mzee hakatizwi." Ni kweli, na kanuni haimkatizi mzee. Inampa zamu, kama inavyompa kila mtu, na mwenyekiti anaweza kumwita kwa heshima zote: "Mzee wetu, tunashukuru, tumalize kwa wale ambao hawajasema, tutarudi kwako." Wakulungwa wenyewe wanajua kwamba heshima ya mzee haiko kwenye wingi wa maneno.

"Inachelewesha." Inachelewesha siku hiyo. Inaokoa ile miezi mitatu ya kugombana na wazazi kwenye geti, kuandikiwa barua na Afisa Elimu, na kuitisha kikao kingine cha kufuta cha kwanza.

"Watu wetu hawajasoma." Mkulima anayesikiliza bei ikisomwa, akapiga hesabu ya kilo zake kichwani na kusema hauzi, hashindwi na hoja ya madawati. Asichokizoea ni kuulizwa kwa dhati.

Zoezi

Usisubiri upangiwe shule. Wiki hii, kwenye kikao chochote ulicho nacho, cha darasa, cha chama cha mkoa wenu, cha kuchangia msiba wa mwenzetu bweni, jaribu mambo matatu. Omba ajenda siku moja kabla. Kabla ya kura yoyote, sema, "Mwenyekiti, naomba hoja isomwe." Na kabla watu hawajatawanyika, omba maazimio yasomwe kwa sauti. Watakuona mnoko. Vumilia.

Ukishafanya hivyo mara tatu utaona jambo moja: watu waliokuwa wakikaa nyuma wakichezea simu wanaanza kuuliza maswali. Hao ndio wazazi wa kesho wa shule zetu, na baadhi yao ndio watakaokuwa makatibu. Siku wakiandika "wazazi walikubali", Mkaguzi akimfuata mama yeyote wa kijiji kile, awe anatwanga au anaokota korosho, mama amwambie na siku, na kura zilikuwa ngapi, na yeye mwenyewe alipiga upande gani.